Namna ya kuzuia maambukizi kwenye kituo cha afya ambacho bomba halitoki kila siku

Mimi ni muuguzi mkunga kwenye kituo cha afya cha kijijini, Kanda ya Ziwa, na ndiye ninayesimamia kinga na udhibiti wa maambukizi, kazi ambayo sote kazini tunaiita IPC. Semina tumehudhuria, mabango ya kunawa mikono yamejaa ukutani, na watumishi wenzangu ukiwauliza hatua za kunawa watakutajia zote bila kukosea. Hata hivyo wapo wagonjwa wanaoondoka kwenye vituo vyetu na ugonjwa ambao hawakuja nao. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza mwaka 2022 kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa hospitalini kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati, 15 hupata angalau ambukizo moja wakiwa humo humo wodini. Kwenye nchi tajiri ni 7.

Ninachoamini ni kwamba mtumishi hufanya kile kilicho karibu na mkono wake. Sabuni ikiwa stoo, stoo imefungwa, na mwenye funguo amekwenda mnadani, hakuna bango litakalomnawisha mtu. Kwa hiyo naanza na vitu na mahali vilipo. Tabia za watu nazigusa baada ya hapo.

Maji kwanza, tena kwa lita

Usimwendee mganga mfawidhi na maneno "maji hayatoshi". Mwendee na lita. WHO ilitoa viwango mwaka 2008 ambavyo ni rahisi kushika: mgonjwa wa nje lita 5, aliyelazwa lita 40 hadi 60 kwa siku, na kila mama anayejifungua lita 100. Chukua kituo kinachoona wagonjwa wa nje 60 kwa siku, waliolazwa 10, na wanaojifungua 3. Wa nje ni lita 300, waliolazwa 400 hadi 600, wanaojifungua 300. Jumla ni lita 1,000 hadi 1,200 kila siku. Simtanki la lita 5,000 litakuvusha siku nne, ukibana sana tano. Bomba likikaa wiki nzima halijatoka, zipo siku mbili tatu ambazo akina mama watazalishwa bila maji. Kamati ya usimamizi wa kituo huielewa hesabu hiyo mara moja, kwa sababu wengi wao wana binti au mkamwana anayejifungulia hapo hapo.

Kama jengo limeezekwa bati, tazama juu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 200 likipigwa na mvua ya milimita 20 linatoa lita 4,000. Toa moja ya tano inayopotea, unabaki na 3,200. Funga gata, maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege yaache yamwagike, ndipo uelekeze mengine kwenye tanki. Haya ni ya kudekia, kufulia na vyoo. Ya kunawia na kuoshea vyombo yatoke kwenye chanzo salama au yatibiwe kwanza kwa klorini.

Maji yakipungua, amueni mapema nani anapewa kwanza, tena muandike na kubandika. Kwetu leba na chumba cha kuoshea vyombo ndivyo vya kwanza, kisha ndoo za kunawia, kisha sakafu. Mashuka husubiri siku ya maji, yakiwa yamefungwa kwenye mifuko na hayaburuzwi koridoni. Bila mpangilio huo, anayewahi asubuhi na mopa ndiye anayemaliza tanki.

Ndoo, koki na chupa ya kitakasa mikono

Sinki isiyotoa maji ni pambo. Pale ambapo bomba si la kutegemea, weka ndoo ya lita 20 yenye kifuniko na koki, juu ya stendi ya kimo cha kiuno, na ndoo nyingine chini ya kupokea maji machafu. Iwe hatua chache kutoka kitandani, upande anaotokea mtumishi. Nimeona vituo vilivyoweka ndoo nzuri kabisa nyuma ya mlango: mlango ukifunguliwa ndoo inafichika, na hakuna anayenawa. Kipande cha sabuni kitoboe, kifunge kamba, kining'inie. Sabuni inayolala kwenye maji huoza na kufuga vimelea. Taulo moja la wote liondoe leo hii. Beseni la pamoja lenye maji ya dawa, ambalo kila anayepita anachovya mikono, nalo liondoe, maana kinachofanyika pale ni kugawana uchafu.

Mikono isiyo na uchafu unaoonekana haihitaji maji hata kidogo. Kitakasa mikono chenye alikoholi hufanya kazi kwa sekunde 20 hadi 30, wakati sabuni na maji huchukua sekunde 40 hadi 60. Kwa kituo cha shida ya maji huo ni ukombozi. Bei ikiwashinda, mtaalamu wa dawa wa wilaya au hospitali anaweza kutengeneza kwa fomula ya WHO: kwa lita 10, ethanoli ya asilimia 96 mililita 8,333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini ya asilimia 98 mililita 145, kisha maji yaliyochemshwa na kupoa hadi lita 10 zitimie. Inafunikwa na kukaa saa 72 kabla ya kutumika, ili vijidudu sugu vilivyokuwa kwenye alikoholi au kwenye chupa vife. Ifanyike mbali na moto, na ifanywe na mwenye ujuzi. Damu au kinyesi kikishagusa mkono, hapo rudi kwenye sabuni na maji.

Zile nyakati tano za kunawa mikono zieleze kwa mama mmoja aliye kitandani, zitaeleweka. Kabla hujamgusa tumbo, safisha. Kabla ya kumpima njia ya uzazi, safisha tena, hata kama ulishasafisha ulipoingia. Ukiguswa na damu au maji ya uzazi, vua glavu, nawa. Ukimaliza kumhudumia, safisha. Na ukiwa umeshika kitanda au pazia lake tu bila kumgusa yeye, safisha. Ile ya pili ndiyo inayorukwa sana na ndiyo inayoua wazazi. Mwaka 1847, kwenye hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwalazimisha madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti waoshe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kumpima mama. Vifo vya wazazi kwenye wodi yake vilishuka kutoka takriban 18 katika kila 100 mwezi Aprili hadi karibu 2 mwezi Juni.

Glavu hazibadilishi hili. Msimamie mtu aliyevaa glavu kwa muda uone anachokigusa: mama, droo, kalamu, simu, patografu (karatasi ya kufuatilia uchungu), halafu mama tena. Glavu zile zile. Mfundishe kuvua glavu kwa kumwonyesha njia ya mkono wake, mguso kwa mguso, muda huo huo.

Seti za kuzalishia

Hapa sina haraka, kwa kuwa hapa ndipo pana hatari kubwa kwenye vituo vya ngazi yetu.

Mama akishajifungua, futa damu nzito kwenye vyombo na uviweke kwenye beseni la maji ya sabuni, visikaukie damu. Wengi wetu tulifundishwa kuanza na kuloweka kwenye klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2016 haushauri tena kuloweka kwenye dawa kabla ya kuosha: dawa hula chuma, na damu huivunja nguvu dawa, hivyo mwoshaji hudhani yuko salama kumbe hayuko. Mwongozo wa taifa unaotumika kituoni kwako ndio wa kufuata. Kama unakuamuru kuloweka, basi dakika 10 ziwe 10 za saa, vyombo visilale humo usiku kucha hadi vipate kutu.

Kuosha ndiyo kazi yenyewe. Kitu kichafu hakitakasiki. Vaa glavu nene za mpira, aproni ya plastiki, miwani na gambuti. Sugua kwa brashi chombo kikiwa chini ya maji ili matone yasikurukie machoni. Foseps, yaani koleo za kubania, na mikasi ifunguliwe yote. Ukimaliza suuza, kisha kagua: simama dirishani, fungua foseps, tazama kwenye meno na kwenye bawaba. Pitisha kipande cha pamba nyeupe kwenye bawaba. Ikitoka na rangi ya kahawia, foseps inarudi kwenye beseni. Mkasi wa kukatia kitovu ndio unaodanganya zaidi. Huonekana unang'aa, lakini pale kwenye skrubu damu imeganda.

Baada ya hapo ni otoklevu, chombo cha kutakasia kwa mvuke. Inataka nyuzi joto 121 na msukumo wa paundi 15 kwa inchi ya mraba, dakika 20 kwa vyombo visivyofungashwa na 30 kwa vilivyofungashwa. Kuhesabu kunaanza pale kipimo kinapofika, wala si pale unapowasha gesi au mkaa. Usishindilie pakiti, mvuke lazima upite katikati. Ile tepu ya kwenye pakiti inayobadilika mistari inakuambia tu kwamba pakiti imepita kwenye joto, haikuhakikishii kwamba kilichomo ndani kimetakasika. Ziache pakiti zikauke humo humo kabla ya kuzitoa. Pakiti iliyolowa haina kinga, vimelea vinapita kwenye kitambaa kibichi. Andika tarehe na jina la aliyetakasa. Otoklevu ikiharibika, kuchemsha kwa dakika 20 tangu maji yatokote, vyombo vikiwa vimezama vyote, hupunguza hatari sana ingawa hakuui vijidudu vyote sugu.

Sasa jiulize mna seti ngapi. Usiku wakija akina mama watatu na seti ziko mbili, muuguzi wa zamu yuko peke yake na atafanya jambo ambalo wala hatuna haki ya kumlaumu. Mzunguko mzima wa kuosha, kufungasha, kutakasa na kukausha unakula saa mbili au zaidi. Hesabu usiku mlioelemewa kuliko wote kwenye rejesta ya leba, kisha ongeza seti mbili juu yake. Kuongeza seti kutaokoa watu wengi kuliko semina nyingine.

Jiki ipimwe

Tazama asilimia ya klorini iliyoandikwa kwenye chupa, kwa sababu hazifanani. Gawanya asilimia hiyo kwa asilimia unayotaka, toa 1, unapata sehemu za maji. Jiki ya asilimia 3.5 ukitaka 0.5: 3.5 gawanya kwa 0.5 ni 7, toa 1 ni 6. Kopo 1 la jiki, makopo 6 ya maji. Kwa unga wa klorini wa asilimia 70 ni gramu 7 hivi kwa lita 1. Chagua kopo moja lisilohama, lipake rangi, lifunge kwa kamba pale pale pa kuchanganyia. Ndoo iwe na kifuniko, iandikwe saa na tarehe, na ikifika saa 24 imwagwe. Ikichafuka kabla, imwagwe kabla. Jiki haichanganywi na dawa nyingine ya choo wala na tindikali, hewa yake huumiza mapafu.

Damu ikimwagika sakafuni, vaa glavu, ifyonze kwa kitambaa au karatasi na uitupe kwenye taka hatarishi, osha kwa sabuni, ndipo upake klorini na kuiacha dakika 10. Kumwaga jiki juu ya dimbwi la damu na kuondoka hakusaidii.

Mama wa usafi

Kwenye vituo vingi anayegusa kila kitanda, kila ndoo na kila mfuko wa taka ndiye mwenye mshahara mdogo kuliko wote, ameajiriwa kwa kibarua, hakuitwa kwenye semina na hajachanjwa homa ya ini. Jambo hili linaniumiza. Ukiweza kufanya kitu kimoja tu mwezi huu, kaa naye. Muulize anachanganyaje dawa, anaanzia chumba gani, mopa anaianika wapi. Utajifunza mengi kuhusu kituo chako ambayo hayamo kwenye ripoti yoyote.

Mkubaliane mpangilio: kutoka pasafi kwenda pachafu, kutoka juu kwenda chini. Hakuna kufagia kwa ufagio mkavu wodini, vumbi linapaa na vimelea. Mopa ya leba isitoke leba, na mopa ya choo isiingie wodini. Zitofautishwe kwa rangi ya mpini. Zikishafuliwa zianikwe juani, zisiachwe zimesimama kwenye ndoo ya maji. Sakafu hupewa heshima kubwa mno kwetu, kumbe mikono ya watu haishiki sakafu. Inashika reli za kitanda, swichi, stendi ya dripu, kitasa, meza ya dawa. Hivyo vifutwe kila siku hata siku ambayo hamna maji ya kudeki.

Kagua naye magodoro. Bonyeza karatasi nyeupe au tishu kwa nguvu kwenye mpira wa kitanda cha kujifungulia, hasa pale penye mikunjo. Ikilowa, mpira umepasuka na sponji ya ndani imenyonya damu za akina mama wote waliotangulia. Godoro hilo halioshwi likapona. Liondolewe.

Chanjo ya homa ya ini B ni dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na miezi sita baada ya ile ya kwanza. Orodha ya kuchanjwa ianze na yeye na anayechoma taka.

Sindano na taka

Mwaka 1976 kwenye hospitali ya misheni ya Yambuku, nchini Kongo, wauguzi walikuwa wakipewa sindano tano tu kila asubuhi kwa wagonjwa wote, zikisuuzwa kati ya mgonjwa na mgonjwa. Hiyo ikawa njia mojawapo ya Ebola kusambaa, na mlipuko mzima ulikuwa na wagonjwa 318, vifo 280. Siku hizi sindano ni ya mtu mmoja na kutupwa, lakini bado nakuta chupa ya dawa ya dozi nyingi ikiwa imechomekwa sindano moja kwenye mpira wake tangu asubuhi. Itolewe. Kila unapochota, sindano mpya na bomba jipya la sindano.

Boksi la sindano likae pale pale unapochomea, mkono ufike bila kupiga hatua. Usirudishie kifuniko. Likifika robo tatu lifungwe. Kwa taka nyingine, pipa jeusi au la bluu ni la taka za kawaida, la njano ni la zenye maambukizi, jekundu ni la zile hatari zaidi kama kondo na sampuli za maabara. Mapipa matatu kwa kila chumba ni mengi mno kwa zahanati ndogo. Weka mawili yanayofuatwa kuliko matatu ya mapambo, jekundu libaki leba na maabara.

Wanaokohoa, ndugu, na homa isiyoeleweka

Anayekohoa apewe benchi la nje lenye kivuli, aonwe kwanza. Madirisha ya pande mbili yafunguliwe hewa ipite. Pazia zito lishushwe, liwekwe jepesi la kufulika. Ndugu wa mgonjwa hawafukuziki, ndio wanaomlisha na kumwogesha, kwa hiyo wafundishe wao pia kunawa na uwape kiti ili wasikae kitandani.

Kagera mwaka 2023 ilitufundisha sote wa Kanda hii. Marburg, homa kali ya virusi inayofanana na Ebola, ilitangazwa Machi 21, ikawa mara ya kwanza Tanzania, na ilipotangazwa kwisha Juni 2 walikuwa wameugua watu 9 na kufariki 6, akiwamo mhudumu wa afya. Mgonjwa wa kwanza huwa hafiki na jina la ugonjwa wake. Anafika na homa. Ndiyo maana glavu, mikono na umakini ni kwa kila mgonjwa, na homa inayoambatana na kutoka damu au vifo nyumbani itengwe kwanza, simu ipigwe wilayani, maswali yafuate.

Ukichomwa

Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usimwagie jiki. Mwambie kiongozi wa zamu saa hiyo hiyo. Kwa mtu asiyechanjwa, sindano yenye homa ya ini B inaweza kuambukiza hadi watu 30 katika 100 wanaochomwa. Ya VVU ni kama 3 katika 1,000. Dawa za kinga dhidi ya VVU zianze ndani ya saa chache, mwisho saa 72, na zimezwe siku 28. Dozi ya kwanza iwekwe mahali ambapo muuguzi wa zamu ya usiku anafika bila kuomba funguo kwa mtu, na fomu ya taarifa isiwe na sehemu ya kueleza "uzembe". Watu huficha pale wanapoogopa.

Kwenda kwenye kamati

Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, kwa hiyo mpango wa mwaka ndipo mahali pa kupigania haya yote. Andika mahitaji kwa idadi na bei ya dukani, weka kwa mpangilio huu: tanki na gata, seti za kuzalishia, ethanoli au kitakasa mikono, glavu nene na gambuti za mama wa usafi, magodoro. Peleka na ile foseps yenye bawaba chafu kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi ya lita za maji. Kikao kifanyike kabla mpango haujafungwa wilayani, na mwombe mwenyekiti apite leba kwanza kabla hamjaketi.